Hodi kwenye Kompyuta ya Mama

Nilisafiri kutoka Mbeya hadi Kilolo kumwekea mama antivairasi kwenye kompyuta anayochapia nyimbo za kwaya. Nilikuwa nimelinganisha programu wiki nzima kama mtu anayechagua mchumba, nikachagua ile kali, isiyoruhusu kitu bila kuuliza. Nikaiweka kwa Kiswahili. Programu ngeni ikitaka kuingia, mama angebonyeza “Ruhusu” au “Kataa”. Basi.

Niliporudi Krismasi, kompyuta ilikuwa inajikongoja. Matangazo ya kamari yalijaa kioo kizima, mengine yakiimba kuliko kwaya yenyewe. Nikafoka.

“Mama, haya madude yote umeyaruhusu wewe?”

“Sasa mtu amepiga hodi, mwanangu, nimwambie arudi alikotoka? Kwetu hatukulelewa hivyo.”

Nikameza hasira, nikafungua antivairasi yangu teule. Haikuwa imesasishwa tangu siku niliyoiweka.

“Ah, huyo,” mama akasema, akinisogezea chai. “Huyo peke yake ndiye niliyemkatalia. Kila asubuhi yuko mlangoni, eti anaomba ruhusa ajisasishe. Mgeni gani asiye na haya?”