Fremu za Mwisho za Kila Filamu

Negativu za picha zikiungua hunuka kama kitana kilichoangukia jiko. Harufu hiyo niliipata asubuhi moja, nyuma ya ofisi ya kamati ya wapangaji, Soweto East, hapa Kibera. Nilitia mkono ndani ya pipa nikaokoa kipande cha fremu nne, zote zimekunjamana. Mama Auma alisimama nyuma yangu. Safu yao ya nyumba ilikuwa imebomolewa wiki hiyo.

"Mlango wangu uko hapo?" akaniuliza.

Nilikiinua kipande juani.

Nianze mwanzo, ndio nyinyi mnaopiga picha mia kwa simu mjue kazi hii ilikuwaje.

Niliacha shule darasa la tano. Siku yangu ya kwanza, kwenye studio moja ya picha Kawangware, mwenye studio hakunigusisha kamera. Tulimwita Fundi Mkuu, mtu mfupi wa koti la buluu. Alinusa vidole vyangu. "Umekula mandazi. Enda unawe. Bibi harusi wa watu hataki mafuta yako usoni." Miezi miwili nilikuwa wa beseni tu, kwenye chumba cha giza, nikiosha picha kwa dawa na kuzianika kwa kamba kama soksi.

Filamu ilikuwa na fremu thelathini na sita, na hatukuiosha nusu. Ukiitoa kabla haijaisha, zilizobaki umezitupa. Kwa hivyo mteja wa fremu ya thelathini alingoja sita zipatiwe wenyewe. Akija kugombana, Fundi Mkuu alinisukuma mlangoni. "Tembea umalize hiyo filamu. Na usinipigie ng'ombe tena."

"Ng'ombe ana shida gani?"

"Hanunui."

Hapo ndipo nilipojifunza kutembea. Fremu za mwisho hazikuwa za mtu, zilikuwa zangu. Nilipiga milango, kamba za nguo, wazee wa drafti, mama akimwaga maji na kunitukana kwa sababu sikumwambia ajipange.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Laini Saba, hapa Kibera, kando ya reli. Msimamizi wa tawi alikuwa Mama Zuhura, Mnubi aliyezaliwa Kibera, na baba yake pia. Huyo hakupokea negativu isiyo na bahasha, na bahasha iandikwe jina, mlango na siku. "Watu hapa wanahamishwa kila saa," alisema. "Andika mlango, kijana. Uso utajulikana wenyewe."

Jumapili zilikuwa tamu. Wateja walichanga, tukaenda vilima vya Ngong na chapati kwenye ndoo, upepo ukivuruga nywele zilizosukwa tangu Ijumaa. Mama Auma, wakati huo msichana wa kuuza mboga, aliniambia, "Nipige mpaka magotini. Viatu ni vya jirani." Jirani alikuwepo, akasema, "Basi na sketi irudi." Tulicheka mpaka kamera ikatikisika. Jioni tuliporudi, filamu ilibaki na fremu mbili. Nilimpigia moja mlangoni kwake, nambari ya nyumba, ya rangi nyeupe, ikionekana juu ya kichwa chake.

Simu zilipokuja, studio ikafungwa. Nilibaki na negativu kwenye makopo ya maziwa chini ya kitanda.

Halafu ikasemwa safu zibomolewe, ghorofa zijengwe, na mwenye kuonyesha kwamba aliishi hapo apewe chumba kwenye ghorofa za kwanza, zilizokuwa tayari. Mama Auma hakuwa na karatasi hata moja. Mwenye nyumba wake hakuwahi kuandika kitu. Alikuwa na fremu yangu na bahasha yake, basi.

Wafula, mwenyekiti wa kamati, alikuja kwangu mwenyewe. Mbele ya majirani akasema, "Fundi, wewe ndiye utaokoa watu wetu. Nipe makopo yote niyapeleke ofisini." Miaka mingi hakuna aliyeniita fundi. Nikampa. Sikuosha hata nakala moja kwanza, na kila mtu wa kazi hii anajua negativu haitoki mkononi mwako, picha ndiyo hutoka. Fundi Mkuu angenifukuza siku hiyo hiyo. Kosa hilo ni langu, nalikubali.

Lakini moto si wangu. Katibu wa kamati, Kemunto, aliniambia zilizochomwa zilikuwa takataka za ofisi. Wiki iliyofuata nilimkuta shemeji ya Wafula akipandisha kitanda kwenye chumba ambacho orodha ya kwanza ya vyumba, ile iliyobandikwa ukutani nikaisoma kwa macho yangu, ilimpa Mama Auma "akileta ushahidi".

Siku hizi sina kazi. Magoti yamechoka, lakini asubuhi bado natembea kutoka Laini Saba hadi Kambi Muru, nikisimama pale mlango fulani ulipokuwa. Mama Auma analala sakafuni kwa binamu yake Kawangware, na mboga anauza huku huku Kibera.

Wafula, Jumamosi wapangaji wanakutana. Njoo na Kemunto. Mtuambie ni nani alibeba makopo hadi kwenye pipa, nani aliwasha, na shemeji yako alionyesha mlango gani. Ukimaliza kujibu, toa ufunguo wa chumba.