Mzee Kioo na nyaya za gari la maharusi

Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshika, watu wazima wawili wamejifunika blanketi moja katikati ya uwanja wa gereji. Vichwa vyao vimeinamia injini inayonguruma, miguu imebaki nje. Wapita njia wanapunguza mwendo watazame vizuri. Muuza vocha wa jirani, aliyekwisha kuzoea, anawaambia waendelee na safari zao.

"Subiri macho yazoee giza," inasikika sauti ya kike kutoka ndani ya blanketi. "Haya, umeona?"

"Sioni kitu."

"Angalia waya wa tatu. Usiguse."

Kisha sauti ya kiume, taratibu: "Loh. Zinatambaa kama siafu."

Mwenye sauti hiyo ni dereva wa miaka sitini na moja ambaye kazi yake ni kupeleka maharusi. Wanamwita Mzee Kioo, kwa sababu gari lake la kale, la rangi ya maziwa, husuguliwa mpaka mtu anaweza kujitazama mlangoni akachana nywele. Mwenzake ni fundi wa magari ya zamani, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Blanketi. Sababu msomaji ameshaiona.

Zinazotambaa ni cheche. Nyaya za plagi kazi yake ni kufikisha umeme mkali kwenye plagi ili injini iwake. Mpira wa waya ukipata nyufa, umeme unatoroka njiani, na gari linaanza kukohoa, hasa kukiwa na unyevu. Mchana huwezi kumwona mtoro huyo. Gizani anaonekana, mistari myembamba ya buluu.

"Wenzangu wanasubiri usiku uingie ndiyo wapime," anasema Fundi Blanketi akijitoa chini ya blanketi, jasho likimtiririka. "Mimi usiku nina watoto wangu. Blanketi linanitosha."

Mzee Kioo hacheki. Hizi ni nyaya za nne katika muda wa mwaka mmoja na nusu, na harusi ya binti yake, kitinda mimba, ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mwezi uliopita, mvua ikinyesha, gari lake lilizimika kwenye mteremko likiwa limebeba maharusi. Bwana harusi alivua koti akasukuma. Bibi harusi naye, mwanamke asiye na makuu, alishuka, akakunja gauni na kusukuma upande wa pili. Mtu mmoja akapiga video, na kabla gari halijawaka video ilikuwa imeshafika mitaa yote.

Tangu siku hiyo simu imepoa. Zamani alipata harusi nne kwa mwezi, na msimu mzuri hata sita. Mwezi huu amepata moja. Kinachomuuma, hata hivyo, ni maneno ya binti yake, mwalimu wa chekechea, ambaye naye aliiona video hiyo.

"Aliniambia, 'Baba, nakupenda, lakini mimi sisukumi gari siku ya harusi yangu,'" anasimulia. "Kesho yake nikasikia ameshaulizia gari la kukodi."

Anafuta kioo cha pembeni ambacho hakina hata chembe ya vumbi.

Gari hilo alilipata zamani, kampuni ya mabasi aliyoitumikia ilipofungwa. Madereva wenzake walilipwa mafao kidogo kidogo. Yeye akaambiwa achukue gari la meneja, lililokuwa limelala juu ya matofali nyuma ya karakana. Wenzake walimcheka. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, hakumcheka, ila hakusema naye kwa wiki nzima.

Lakini gari likafufuka, na kiti chake cha nyuma ndicho kilicholipa karo ya watoto watatu. "Nimewapeleka mabinti za watu zaidi ya miaka ishirini," anasema Mzee Kioo. "Leo wangu aende na gari ya kukodi, mimi nifuate nyuma kama mgeni? Uso wangu nitauficha wapi?"

Kwenye meza ya fundi ziko pakiti tatu ambazo muuza spea amemwazima achague. Ya kwanza ni nyaya halisi za gari hilo, zilizoagizwa kutoka nje, na bei yake inameza malipo ya harusi mbili na bado. Ya pili ni nyaya nene, nyekundu, zinazovutia macho. Ya tatu ni nyeusi, za kawaida, bei yake haifiki robo ya zile za kwanza.

Mzee Kioo ameshaamua. Anataka zile za nje, hata ikibidi auze saa yake ya mkononi. "Rahisi zimeniponza," anasema. "Spea za siku hizi maganda matupu. Wale wauzaji wote wezi. Nimeshawatukana, nimechoka."

Fundi Blanketi anarudi kwenye gari. Amezima injini na kuchomoa nyaya zilizochoka, anazikunja moja moja. Mpira umevimba huku, umechanika kule. Anaonekana haelewi. Nyaya hata ziwe dhaifu namna gani, anasema, haziozi hivi kwa miezi mitano. Kisha ananusa vidole vyake.

"Mzee wangu, mbona hizi waya zinanuka mafuta ya taa?"

"Si ndiyo nazipaka," anajibu Mzee Kioo, na hapo uso wake unachangamka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Kila Ijumaa kabla ya harusi. Kitambaa laini, mafuta ya taa kidogo, nasugua mpaka zinang'aa. Vijana wanapenda kufungua boneti wapige picha. Sasa mteja afungue akute vumbi?"

Fundi anaweka waya mezani. Anavuta kigoda, anamkalisha mzee kabla hajaanza kuzungumza, na hilo linamtisha kidogo.

"Mpira na mafuta ya taa havipatani hata siku moja," anasema. "Yanaulainisha, yanauvimbisha, halafu unachanika. Ukija unyevu, umeme unapita hapo hapo. Mzee, kikulacho..."

Hamalizii. Mzee Kioo anaangalia mikono yake, ile ile iliyosugua. Ameona haya, na haya hiyo haifichiki.

"Kwa hiyo wale wauza spea niliowatukana?"

"Itabidi uwapitie mmoja mmoja."

Ndipo linapokuja somo la kuchagua. Zile za nje ni nzuri, anasema fundi, lakini akizipaka mafuta ya taa nazo zitaoza, ila zitaoza kwa bei kubwa. Zile nene nyekundu anazikataa: unene ni plastiki, waya wenyewe ndani ni mwembamba, na kofia ya ncha yake inacheza kwenye plagi. Anaichomeka na kuitikisa ili mzee aone inavyolegea.

Zile nyeusi anazikunja zikarudi bila alama. Kofia zake zinashika plagi mpaka uzivute kwa nguvu. Urefu wake unatosha bila kugusa bomba la moto. Anazipima kwa mita ya umeme, zote zinapitisha vizuri. "Hizi. Ila usizipendezeshe," anasema. "Vumbi likikukera, kitambaa kikavu. Basi."

Mchana binti anafika na chakula cha baba yake, ametumwa na mama yake pamoja na salamu. "Mama anasema, 'Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti,'" anazifikisha, na baba mtu anakubali kichwa chini. Habari za mafuta ya taa zimeshafika nyumbani kupitia muuza vocha.

Injini inawaka na nyaya mpya. Fundi anachukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi, na kuinyeshea injini. Haikohoi. Ananyunyiza tena, kwa muda mrefu zaidi. Inanguruma vile vile.

"Naomba hilo blanketi," anasema binti.

Baba na binti wanaingia chini yake. Nje ni miguu tu inayoonekana, viatu vya kazini vya binti na kandambili za mzee.

"Sioni kitu, Baba. Giza tupu."

"Ndivyo inavyotakiwa, mwanangu."

Wanakaa humo muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Fundi anajifanya anatafuta spana.

Wanapotoka, binti anajipangusa shavu kwa kiganja na kuacha alama ya oili. "Nitapanda," anasema. "Lakini kwa sharti."

"Boneti siigusi. Nimeapa."

"Siyo hilo. Usiendeshe wewe."

Mzee Kioo anapigwa na butwaa. Gari hilo halijawahi kupeleka harusi likiwa na dereva mwingine. Anafungua mdomo, binti anamuwahi. "Siku hiyo wewe siyo dereva, ni baba yangu. Kaa na mimi nyuma."

Ataendesha Fundi Blanketi, ambaye ameomba jambo moja tu, aazimwe ile kofia nyeupe ya dereva. Blanketi, anasema, litakuwa kwenye buti, kwa usalama. Baada ya harusi Mzee Kioo anapanga kuwazungukia wauza spea kuwaomba radhi, kisha apige video yake mwenyewe, gari likipanda ule ule mteremko siku ya mvua, labda simu zikaanza tena kuita.

Kabla hatujaagana anaomba ajaribu kiti cha nyuma, maana katika miaka yote hiyo hajawahi kukikalia. Anaingia, anasogea, anamwachia binti nafasi. Binti anaingia na vyombo vya chakula mapajani. Mzee anaangalia mbele, anarefusha shingo, halafu anairudisha.

"Kumbe ukiwa huku boneti huioni vizuri," anasema. "Unamwona uliyekaa naye."