Mtu wa Columbus Aliyesimama Mbele ya Mama

Mimi si mtu wa hadithi za majini. Ni mtu wa kanisani, nafanya kazi kwenye ghala huku South End, Louisville, Marekani, zamu ya usiku, na mchana ninalala fofofo. Kwa hiyo ninapokwambia haya yamenipata, yamenipata kweli. Usipoamini sitakulaumu. Hata mimi ningemsikia mwenzangu anasimulia hivi ningemuuliza amekunywa nini.

Ilianza kwa jambo la kawaida kabisa. Ninatengeneza video za kwaya yetu, si kwa sababu ni fundi, ila siku ya kuulizwa nani ataifanya kazi hiyo, wenzangu wote walitazama chini na mimi nikachelewa. Kompyuta ya zamani ilipokufa, nikaona tangazo la kompyuta ya mezani iliyotumika, inauzwa Columbus, karibu na chuo kikuu, na muuzaji ameandika kwa Kiswahili. Jumamosi moja ya theluji tukaondoka alfajiri na Papa Musafiri, Mkongomani anayeimba besi, kwa gari lake.

Saa tatu asubuhi tulimkuta muuzaji amesimama nje ya nyumba za wanafunzi, kompyuta iko karibu na miguu yake. Mwanamume wa rika langu, shati la rangi ya krimu, hana koti. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, tena mbichi. Kila mahali ni theluji, udongo huo aliukanyaga wapi? Nilijiuliza, halafu nikaacha, maana baridi ya Columbus haikupi nafasi ya kujiuliza mengi.

"Prosesa ukitaka ipandishe kasi, inavumilia," akaniambia, kwa Kiswahili kile kile cha kambi ya wakimbizi nilikokulia, Kigoma. "Lakini memori ukiipandisha, ipime kwanza usiku kucha. Kabla hujaipima, usiweke humo kitu unachokipenda."

Nikamshukuru. Papa Musafiri akatoka kwenye gari, akampa mkono, tukapakia.

Tukiwa njiani kurudi, dada yangu Esperansi akanipigia simu kutoka Buffalo. Mama alikuwa amefariki kambini usiku, na tayari walikuwa wameshamzika. Sasa nawe fikiri: saa tatu asubuhi ya Columbus ni saa kumi na moja jioni ya Kigoma. Wakati mimi nasikiliza habari za prosesa, mama yangu alikuwa anashushwa kaburini. Papa Musafiri aliegesha gari pembeni, nikalia mpaka nikachoka.

Dada alikuwa hajamwona mama miaka kumi na mmoja. Alikuwa na ombi moja tu. Binti wa mjomba alikuwa amerekodi mazishi kwa simu ya kuazima, akanitumia vipande vyote, kisha akavifuta ili arudishe simu ya watu. Dada akataka niviunganishe, vionyeshwe kwake siku ya kumaliza matanga.

"Mengine ukitaka kata," alisema. "Mimi nataka kuuona uso wake."

Uso ulikuwepo. Niliuona mwenyewe kwenye simu, wakati wa mapumziko kazini: jeneza limefunguliwa, mama na kitambaa chake cheupe kichwani, sekunde kumi na moja, hakuna mtu aliyemziba. Nakuomba ulikumbuke hilo.

Zikabaki siku mbili, na kompyuta ikawa inajikongoja. Nikaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla mashine haijawaka vizuri. Nikapandisha kasi ya prosesa, ule ubongo wa mashine, hatua kwa hatua, joto likatulia, nikajiona fundi. Basi nikapandisha na memori, pale mashine inaposhikia kazi inayoendelea, nikaiongezea volti kidogo, kama nilivyoona kwenye video za mtandaoni. Kupima je? Niliipima kwa muda wa kusonga ugali. Nikahamishia vipande vyote kwenye kompyuta, halafu nikavifuta kwenye simu, kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Nilikuwa sijui kwamba memori ikizidishiwa kasi inaweza kuharibu faili kimya kimya, bila hata kukuonya.

Mashine ikajizima katikati ya kazi. Nilipoiwasha na kufungua video, nikamwona yule mtu wa Columbus. Amesimama nyuma ya waombolezaji, shati la krimu, viatu vyekundu kwa udongo ule ule wa pale kaburini. Ikajizima tena. Nilipoiwasha, alikuwa amefika kwa akina mama wanaoimba.

Nikamwita Papa Musafiri aje aangalie, nikiomba Mungu aniambie nimechoka tu.

"Bon, huyu njo ule mutu wa Columbus," alisema polepole. "Mi mwenyewe nilimupatia mukono. Alikuwa na hii shemizi." Akagusa lile shati kwa kidole, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani bila kuaga.

Nikarudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani. Nikatoa hadi ile betri ndogo ya ndani inayotunza mipangilio. Nikapiga namba ya muuzaji, ikaita tu. Nilipofungua video tena, alikuwa amefika kwenye jeneza. Amesimama na mgongo wake kwetu, sekunde zote kumi na moja, na mama yuko mbele yake haonekani. Ningefanya nini? Sikuwa na nakala nyingine, wala sikuwa na mama mwingine.

Nilikwenda nayo Buffalo hivyo hivyo. Dada anakaa karibu na Grant Street, juu ya duka la vyakula, na siku hiyo sebule ilijaa watu wa kanisa. Nilitaka kumwambia mapema, nikaogopa. Baada ya sala video ikawekwa. Nyimbo, watu, jeneza, kisha ule mgongo.

"Huyo kaka ni nani?" dada akauliza.

Akasogea akiwa amekaa vile vile kwenye mkeka, hadi karibu na televisheni, akasema kwa adabu, kama unavyomwambia mtu msibani: "Kaka, samahani. Tupishe kidogo tumwone mama."

Niamini, kichwa cha yule mtu kiligeuka kidogo, kama mtu aliyesikia. Kisha kipande kikaisha.

Tangu hapo kompyuta hiyo sijaiuza wala kuitupa, na kwaya imepata mtu mwingine. Wewe unayejifunza kupandisha kasi, pandisha, sikukatazi. Lakini ipime memori usiku kucha kama ulivyoambiwa, na usifute chochote kwenye simu kabla ya hapo. Mimi nilionywa uso kwa uso na sikusikia, na aliyeadhibiwa ni dada yangu.

Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia. "Amesogea?" Ninafungua, ninaangalia, ninamwambia bado. Jumapili iliyopita hakuuliza. Alisema tu, "Mwambie nangoja."

Nikafungua kompyuta, nikamwambia.