Majani Niliyong'oa Kisumu

Kila Jumapili nikisukuma mlango wa kanisa letu hapa Natta, nasukuma kazi ya mikono ya mtu aliyenifukuzisha chuo. Ni mlango mzuri. Haukwami masika wala kiangazi, na hilo ndilo linaloniuma. Mlango ule ungekuwa wangu. Ungekwama, najua, lakini ungekuwa wangu.

Mwenyewe ameshafariki. Mke wangu ananiambia nimwache marehemu apumzike. Apumzike tu, mimi simzuii. Lakini tulikuwa wawili na niliyebaki ni mimi, sasa nisiposema mimi atasema nani? Jina lake silitaji. Mtu wa Kerende aliyesomea useremala Kisumu miaka ile anajulikana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo pande zote mbili za mpaka. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, na kwetu darasa la nne lilikuwa jambo la kusimamisha watu njiani. Misheni ikapata nafasi mbili katika chuo cha ufundi kule Kenya. Yeye akapewa moja, mimi moja. Wazee wa kanisa waliniwekea mikono kichwani wakaniombea: miaka miwili, nipate cheti, nirudi niwatengenezee milango na mabenchi, maana walikuwa wamechoka kusali wamekaa juu ya magogo. Baba alinisindikiza kwa miguu mpaka Tarime. Pale kwenye basi akaniambia, "Usirudi bila hiyo karatasi."

Chuoni kazi iliisha Jumamosi adhuhuri. Wenzetu wa karibu walikwenda makwao. Sisi wawili tulibaki, tukawa tunatembea mji. Watu wa Kisumu walituuliza kama ni kweli Tanganyika tunalala na simba nyumba moja. Mwenzangu alijibu kwamba simba tunawapangisha vyumba, ila hawalipi. Alikuwa na mdomo, yule. Mimi nilikuwa na macho tu, tena ya kushangaa.

Nilishangaa kila kitu. Kule stesheni tuliona kichwa cha gari la moshi kikipanda juu ya sahani kubwa ya chuma, watu wanne wakaisukuma kwa mabega mpaka kikageuka kikatazama kilikotoka. Nilikaa pale mpaka wakanifukuza. Siku zote nilikuwa nimeamini kwamba gari la moshi likifika ziwani linarudi kinyumenyume hadi Mombasa. Tuliona dirisha la duka ambamo meno ya watu yamepangwa kwenye ufizi wao, bila watu. Nilishauri tuondoke kabla wenyewe hawajaja kuyafuata.

Halafu barafu. Nilipata kipande cha barafu kwa Mhindi mmoja, nikakiweka ndani ya sanduku langu la nguo, nikafunga kwa kufuli, ili likizo ikifika nimpelekee mama. Likizo ilikuwa bado wiki tano. Asubuhi nilifungua, nikaona nguo zimelowa na barafu haipo, nikaenda kwa mwangalizi wa bweni kumshtaki mwenzangu kwa wizi. Bweni zima lilinicheka mpaka Pasaka. Nasema haya ili ujue kwamba hata kabla ya mambo ya klabu nilikuwa mtu wa namna gani.

Lakini kitu kilichonikosesha usingizi ni majani. Wazungu walikuwa na klabu yao karibu na ziwa, na mbele ya klabu kulikuwa na uwanja wa majani mafupi, mabichi, laini kama manyoya ya ndama wa juzi. Kiangazi chote yalinyweshewa maji. Na juu yake hakuna ng'ombe hata mmoja. Wazee wa Kizungu wenye nguo nyeupe walikuwa wakibingirisha mipira mizito polepole, kisha wanaifuata kuiokota. Nilisimama nje ya uzio Jumamosi tatu nikingoja ng'ombe waletwe. Hawakuletwa.

Sasa, shemeji yake mwenzangu alikuwa mhudumu katika klabu ile. Huyu ni wa pili katika watu ninaowalaumu. Alituambia tuje saa nane mchana, Wazungu wakishakula wanalala, atatuonyesha maajabu ya ndani kupitia mlango wa nyuma. Tukaenda. Alituonyesha saa yenye ndege ndani yake, akatuonyesha kiti cha kuzunguka. Kisha akatupeleka barazani, akasema tutazame pale pembeni.

Ulikuwa mguu wa tembo. Umekatwa chini ya goti, umetolewa nyama, umekaushwa, kucha zimepakwa rangi zikang'aa. Ndani yake wamesimamisha miavuli na fimbo za kutembelea.

Lazima nieleze hapa. Ukoo wetu ni watu wa tembo. Hatumli, hatumcheki, na ukikuta chochote chake porini, hata mfupa mmoja, unang'oa majani mabichi unaufunika, unampa pole, kisha unaendelea na safari yako. Nilikuwa nimebatizwa, ndiyo, na nilikuwa naijua Sala ya Bwana kwa lugha tatu. Lakini mkono haukuniuliza. Nilivua kofia, nikatazama huku na huku natafuta majani, na baraza lile lote ni saruji.

Hapo ndipo mwenzangu, anayejua kabisa desturi za watu wa kwetu, alipogeuza shingo kuelekea uwanjani akasema, "Majani si yale pale, ndugu yangu? Au unataka ya kutoka Natta?"

Nikayafuata. Ndiyo, nilikwenda kwa miguu yangu, kofia mkononi, nikapiga magoti katikati ya uwanja wa Wazungu saa nane mchana, nikang'oa. Majani mafupi hayashikiki, kwa hiyo niling'oa pamoja na udongo. Nilikwenda mara nne, maana mguu wa tembo si mdogo. Nikaufunika wote, miavuli na fimbo ndani yake, nikatoa pole yangu kwa lugha yetu. Mwenzangu alikuwa ameng'ata mkono wa shati lake asicheke kwa sauti.

Jumatatu mkuu wa chuo, Mzungu, alikuwa na barua ya klabu mezani. Habari za mguu zilikuwa mstari mmoja. Barua iliyobaki yote ilikuwa ya majani: kwamba mbegu zake zililetwa kwa meli, kwamba uwanja sasa una mashimo, mipira inaruka. Mhudumu alikuwa ameshatutaja wote wawili ili aokoe kazi yake. Mwenzangu aliitwa kwanza. Nilikuwa nje ya mlango, nikamsikia vizuri.

"Mimi nilimkataza, Bwana," alisema. "Huyu ni mtu wa porini, hasikii."

Akatoka akanipita bila kuniangalia.

Mkuu wa chuo, lazima niseme kweli, hakuwa mtu mbaya. Wa tatu ninayemlaumu ni mimi mwenyewe. Aliniambia niseme mbele ya wanafunzi kwamba nilifanya upumbavu, kisha Jumamosi zote zilizobaki niende klabu nikapande majani niliyong'oa, na nafasi yangu itabaki. Ndivyo alivyosema, itabaki. Karatasi ya baba ilikuwa pale mezani kama nimeshaishika. Nilichotakiwa ni kusema ndiyo, Bwana.

Nikasema, "Bwana, yale majani yataota yenyewe."

Alinitazama. Ningenyamaza hapo, labda ningepona. Lakini nimekulia machungani, na katika mji ule wote nilikuwa sijakutana na kitu ninachokijua kuliko mtu mwingine, isipokuwa majani. Nikaanza kumfundisha. Nilimwambia majani yanayonyimwa ng'ombe mizizi yake inakuwa dhaifu, ndiyo sababu yaling'oka na udongo. Wangeingiza ndama sita tu, asubuhi, na samadi wasiizoe. Nilimwonyesha kwa mikono jinsi ulimi wa ng'ombe unavyokata. Watu wa kwetu wakisikia hapa hudhani nilitetea mila. Sikutetea chochote. Nilitaka tu, siku moja Kisumu, niwe mimi ninayejua.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo akatoa fomu ya kuondoka.

Nilifika nyumbani na sanduku lile lile la barafu. Baba alikuwa zizini anakamua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanyosha mkono apewe karatasi. Nikamweleza yote, tangu mlango wa nyuma hadi ndama sita. Nilipomaliza nikajua sasa ananilaani.

"Mguu wa mbele au wa nyuma?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Ulikuwa na kucha ngapi? Wa mbele unazo nyingi kuliko wa nyuma."

Sikuzihesabu. Baba alirudisha mkono wake, akageuka, akaendelea kukamua.