Sanduku la Popo kwenye Ukuta wa Baba

Nilirudi Kasulu kumuuguza Baba nikiwa na begi moja, kwa sababu nilidhani nitakaa mpaka aweze kusimama, kisha niondoke. Alikuwa amepata kiharusi wakati watu wanavuna maharage. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala kabisa. Maneno nayo yalikuwa yamemtoka yote, Kiswahili alichojifunza kazini na Kiha alichozaliwa nacho, likabaki moja tu: oya. Kwa Kiha ni hapana, lakini Baba alilitumia kwa kila kitu. Alilisema akitaka maji, akalisema akishiba, akalisema jirani akimsalimia. Ilinibidi nijifunze kusikiliza sauti yake badala ya neno lenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Mwanza nilikuwa na kibanda, mimi na fundi mwenzangu, na wateja waliojua njia ya kuja bila kuelekezwa. Nyumbani tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Dodoma. Mama alikwishafariki. Hatukukaa kikao kuamua nani arudi. Mdogo wangu alipiga simu akasema, "Dada, wewe ndiye unayemwezea Baba," na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha.

Siku zilifanana. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji, kumnyoosha mkono kwa mazoezi ambayo hakuyataka. Sokoni nilikwenda mbio, na kila nikiinama kuchagua nyanya niliona akilini Baba ameanguka kitandani na hakuna wa kumwinua, nikarudi na nusu ya nilichofuata. Mara nyingine nilisimama getini nimeshika komeo, nikiwatazama watu wanaotoka Nyakitonto wakisukuma baiskeli zilizobeba ndizi. Kilima cha kuja kwetu ni kikali, walikuwa wanahema na jasho linawatoka, nami niliwaonea wivu.

Na juu ya vichwa vyetu walikaa popo.

Walikuwa wale wadogo wanaokula wadudu, wamejaa darini kati ya mbao na bati. Waliingilia kwenye mianya iliyo juu ya ukuta, pale ukuta unapokutana na paa. Mchana walikuwa kimya, lakini harufu ya mkojo wao ilishuka mpaka kwenye mashuka ya Baba, na kila asubuhi nilifagia vinyesi vyao kwenye kibaraza, vidogo vyeusi kama punje za mtama ulioungua. Jua likizama walitoka mmoja mmoja kwenye mwanya ulio juu ya dirisha la Baba. Yeye alikuwa amelala akitazama dirisha hilo, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, na nilipotaka kuvuta pazia alisema oya kwa sauti ya kukataa kweli. Nikaliacha wazi.

Sikukuu ya Idi mdogo wangu alikuja. Alikaa siku mbili, akamnyoa Baba ndevu, akamchekesha kidogo, halafu akavuta hewa puani akaniuliza naishije na harufu ile. Kesho yake alimleta mwashi. Mchana kutwa mwashi alizunguka nyumba na ngazi, akaziba kila mwanya kwa saruji. Baba alipiga fremu ya kitanda kwa mkono wa kushoto na kusema oya, oya, mpaka mate yakamtoka. Tulidhani ni kelele za nyundo zinamsumbua. Mdogo wangu alipanda gari alasiri ile ile. Akiwa mlangoni aliniambia, "Angalau hilo moja nimekupunguzia."

Jua lilipozama nilikaa karibu na Baba. Mwanya wa juu ya dirisha haukutoa kitu. Ndipo dari likaanza kusikika. Kwanza ni mkwaruzo mmoja, kisha mingi, kama kucha zinazokuna bati kutoka pembe hii hadi pembe ile. Baadaye zikaja sauti nyembamba, nyembamba mno, ambazo nilizisikia menoni kuliko masikioni. Baba alinitazama. Hakuwa anapiga fremu tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka jicho moja, lile la upande mzima, na wakati huo nilielewa kwamba mchana kutwa alikuwa anatuambia wamo ndani.

Nilijiambia nitasubiri kukuche. Sikuweza. Sauti ile ilinifanya niwe kama mtu aliyefungiwa kabatini. Nilichukua nyundo ya Baba yenye makucha, nikaweka stuli juu ya meza nje ya dirisha, nikapanda. Saruji ilikuwa bado mbichi kwa ndani. Nilipiga, nikachokonoa, nikavuta mabonge kwa vidole, na bonge kubwa lilipoanguka hewa ya moto yenye harufu kali ilinipiga usoni. Wakafuata wao. Walinipita mashavuni na shingoni wakiwa wengi kiasi kwamba nilifumba macho na kushika ukuta. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia upepo wao tu.

Siku iliyofuata nilifunga kitambaa puani, nikavaa glovu, nikafungua kipande cha dari. Wengine walikuwa wamekufa. Wengi walikuwa wamejibana kwenye mbao za paa na watoto wao vifuani, watoto wasio na manyoya, na hao walikuwa hai.

Nilimpigia mdogo wangu.

"Umebomoa?" aliuliza.

"Nimebomoa. Walikuwa na watoto."

"Basi, Dada, kaa nao."

"Mimi nakaa na kila kitu hapa," nikamjibu, nikakata simu. Tulikaa muda bila kuzungumza.

Aliyenipa njia ni fundi mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Miaka ya nyuma Baba alipata kazi ya kutengeneza madawati huko kambini, na mtu huyu alikuwa miongoni mwa waliofanya naye. Alikuwa amesikia habari za ugonjwa, akaomba kibali cha kutoka, akapewa cha siku moja. Alifika saa za asubuhi amevaa shati lililopigwa pasi, akavua kofia mlangoni, akamshika Baba mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili.

"Patron," alisema, yaani bosi. "Minakuja kukuona. Nilichelewa juu ya makaratasi."

"Oya," Baba alisema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nirudi. Ilikuwa ya furaha.

Nilipokuwa namtengea chakula kando ya kitanda cha Baba nilimweleza habari za popo. Alisikiliza huku akitazama dari.

"Usizibe, dada. Ngoja kwanza watoto baruke," alisema. "Kule kwetu Fizi zilikuwa mu kanisa. Tulifanyaka sanduku ya mbao, nyembamba, wazi chini, tukatundika inje. Zikiona nyumba ingine iko karibu, zinahama. Zinapenda mahali padogo. Zinapenda kubanwa."

Niliuliza padogo kiasi gani. Kabla hajajibu, Baba aliinua mkono wa kushoto akaonyesha kidole gumba, akakilaza. Unene wa kidole gumba kilicholala. Fundi akacheka, akasema, "Njo vile, patron. Njo vile kabisa."

Tulimbeba Baba kwa kiti mpaka kwenye banda lake la useremala nyuma ya nyumba. Hakuwa amekanyaga huko tangu augue. Mbao za mninga zilikuwa zimeegeshwa ukutani, zimejaa utando wa buibui, na msumeno ulikuwa umeanza kutu. Fundi alikaa nasi mpaka alasiri tu, kwa sababu ilimlazimu awe amerudi kambini kabla ya giza. Alikata mbao za sanduku la kwanza, akanionyesha jinsi ya kushika randa, na kila mara alitazama jua. Nilipomsindikiza getini nilimuuliza amekaa kambini muda gani. Alisema watoto wake wote wamezaliwa humo, na mkubwa ameshaoa humo humo. Alilisema bila kulalamika, akavaa kofia, akaondoka kwa haraka.

Nilimalizia mwenyewe. Nilipima kwa tepu yangu ya kushonea, na nilichagua kulainisha mbao kwa randa mpaka ziteleze kama meza ya sebuleni. Nilikuwa najivunia. Baba aligusa upande wa ndani, akasema oya kwa ukali, akavuta msumeno kwa mkono wa kushoto na kuukwaruza juu ya ubao. Nilimnyang'anya, nikidhani anaharibu. Akakunja vidole mfano wa makucha, akaviteleza juu ya ubao uliolainishwa, vikaanguka. Kumbe popo wanahitaji pa kushika. Tulichora mistari ubao mzima, yeye akielekeza kwa kidole, mimi nikisukuma msumeno. Siku hiyo alikula ugali wote bila mimi kumbembeleza.

Sikutaka kuamini kwamba nimefurahi. Nilikuwa nimejizoeza kuhesabu siku zile kama siku zisizo zangu, na furaha ilinitia hofu, kana kwamba nikiikubali nitakuwa nimetia sahihi kukaa.

Sanduku la kwanza nilitundika kwenye nguzo ya kuanikia nguo, chini ya kivuli cha mparachichi. Halikupata hata mgeni mmoja. Wiki zilipita, buibui akaingia, akaweka makazi. Asubuhi huku kwetu ni baridi, ukungu unakaa mpaka watu wamekwenda mashambani, na ndani ya sanduku lile palikuwa na unyevu kama kisimani. Baba alionyesha juu ya ukuta wa nyuma ya nyumba, upande linakochomoza jua, kila nilipomtoa nje. Niliona uvivu wa kupanda. Mwishowe nikapaka sanduku rangi nyeusi kwa nje ili lishike joto, nikaazima ngazi kwa jirani, nikalipandisha pale alipotaka, chini kidogo ya bati.

Jirani huyo ni mama mtu mzima, mjane, anauza mafuta ya mawese yanayotoka upande wa ziwani. Alinishikia ngazi huku akiuliza kama kweli nimekosa kazi.

Watoto wa popo walipoanza kuruka, nilishona. Kazi hiyo niliijua. Nilikata wavu mwepesi, nikaukunja pindo, nikautundika juu ya ule mwanya niliobomoa ukining'inia wazi kwa chini, ili popo akitoka ateleze nje na akirudi asipate pa kuingilia. Jioni hiyo nilimtoa Baba uani na blanketi begani. Walitoka kama kawaida. Alfajiri nilipochungulia niliwaona wakizunguka dirisha, wakigonga wavu, wakizunguka tena. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Nilijua kila kona waliyokuwa wanaitafuta.

Baadhi waliingia sandukuni. Niliwaona kwa tochi mchana, wamejipanga kama majani makavu yaliyobanwa kitabuni. Wengine hawakuingia. Siku chache baadaye jirani alisimama kwenye uzio mikono kiunoni.

"Mwanangu, wageni wako wamehamia kwangu," alisema.

Nikamtengenezea na yeye sanduku. Safari hii Baba alishika mbao kwa mkono wa kushoto huku nikipigilia misumari, na alipochoka hakutaka kurudishwa ndani. Mkono wake wa kulia haukuwahi kuamka. Maneno hayakurudi. Fundi wa Nyarugusu alirudi mara moja, akatazama sanduku ukutani, akasema liko vizuri. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena, na niliowauliza waliniambia watu wengi wanahama, wengine kwa hiari na wengine sijui.

Darini nilisafisha, nikabadilisha mbao, nikaziba ule mwanya nikiwa na uhakika hakuna kitu ndani. Harufu ikaisha. Nilitegemea nyumba itaonekana kubwa. Ilionekana ile ile, na mimi nikiwa ndani yake, nikisikia pumzi za Baba chumba cha pili.

Kisha binamu yangu wa Kibondo akafiwa na mumewe. Nilisema siwezi kwenda. Jirani akaniambia, "Nenda. Nitashinda naye mimi. Nimeona unavyomlisha." Nilimwandikia saa za dawa, nikamwonyesha mto unavyowekwa, nikaondoka asubuhi kabla ya Baba kuamka vizuri.

Kibondo nililia pamoja na wenzangu, nikamenya ndizi, nikapakua chakula cha wageni waliotoka mpaka Mabamba. Hakuna aliyeniita kutoka chumbani. Kila dakika nilikuwa nasikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Jirani alipiga simu mara moja tu, kusema Baba amekula, amelala, na nisiwe na wasiwasi. Badala ya kutulia nilipatwa na huzuni ya ajabu. Nilikuwa nimeamini kwamba bila mimi asingemaliza siku.

Wakati wa kurudi nilifika stendi ya Kibondo jua bado lipo. Basi la kwenda Mwanza lilikuwa limesimama, injini inanguruma, mlango wazi. Kondakta aliniona na mkoba wangu mdogo.

"Mama, Mwanza? Kiti kipo, cha dirishani."

Nilisogea mpaka mlangoni. Niliona ndani, viti vyenye vitambaa vya bluu, mwanamke mmoja akimfunika mtoto. Mguu wangu ulikuwa karibu na ngazi. Hakuna aliyekuwa amenishika.

"Kasulu," nikasema.

Akaninyooshea kidole upande wa pili, kwenye gari dogo ambalo dereva wake alikuwa bado anakunywa chai. Nikavuka barabara, nikaingia, nikakaa nyuma kabisa, nikasubiri lijae.