Vibibi Juu ya Shimo la Ndizi

Asubuhi za Juni hapa Kasulu huchelewa kuamka. Ukungu hulala juu ya migomba mpaka saa mbili, na mimi, mtoto wa Tanga niliyeletwa huku na barua ya ajira nikiwa kijana, bado naingia jikoni na sweta na soksi, nikinung'unika. Jirani zangu wananicheka. Wanasema mwalimu wa jiografia anajua baridi ya nchi zote isipokuwa ya hapa.

Juni ile nilinung'unika zaidi ya kawaida. Mama yangu, niliyemchukua Tanga baada ya kumbukumbu zake kuanza kupotea, alikuwa hali chakula. Hakukataa kwa hasira. Nikimwekea uji, au ndizi na maharage, alinawa, akaonja kidogo, kisha akaisogeza sahani pembeni kwa adabu. Mimi mwenyewe aliniita "mwalimu", kama alivyosikia watu wakiniita, na alinishukuru kwa kumkaribisha nyumbani kwangu. Iliniuma kila mara. Sikuizoea.

Mke wangu ni muuguzi Kibondo, hurudi Jumamosi. Jumamosi moja alimshika mama kifundo cha mkono, akakizungushia vidole, vikakutana na kupitana. Akanivuta uani.

"Baba watoto, tukienda hivi mama hafiki mwezi wa nane."

Nilisimama pale nikaangalia kuku.

Siku mbili baadaye, alasiri, mama aliamka kidogo usingizini akauliza, "Vibibi vimeiva?" Akalala tena. Nami nikaamua kwamba mama atakula vibibi, hata kama ni mimi wa kuvipika.

Kibibi ni mkate mdogo wa mchele. Unauloweka mchele, unausaga na tui la nazi, unatia hamira, sukari na iliki, kisha unaliacha rojo liumuke. Unamimina kikaangoni, unafunika, na ukifunua unakuta uso wote umetoboka vitundu. Utoto wangu umejaa vitundu hivyo. Nikiwa nimelala kwenye jamvi, nusu ndotoni, nilisikia rojo likilia juu ya chuma, nikanusa iliki, na mgongo wa mama ulikuwa pale kati yangu na moto. Sikumbuki akisema chochote. Nakumbuka mgongo tu, na kanga iliyofifia, na kwamba hakuna kibaya kilichoweza kunifika.

Baadaye, kwa kazi yangu ya kufundisha watoto dunia, niligundua kwamba vibibi vina ndugu kila mahali. Waingereza wana chao kinene, hukichoma na kukipaka siagi ikazama vitunduni. Wahabeshi wana mkate wao mpana wa kujaza sinia, Wasomali na Wayemeni wana wao wa asubuhi, Wamoroko wana wao wa asali. Mara nyingine nikisahihisha madaftari nawaza: sasa hivi, mahali fulani panapokucha, kuna mtu ameinama juu ya chuma cha moto akingoja vitundu vifunguke. Wazo hilo hunipa usingizi mtamu. Mwalimu mkuu alishanikuta nao.

Basi nikanunua nazi sokoni, kwa wale wanaozileta na basi, na mchele, na hamira. Nikasaga, nikachanganya, nikafunika sufuria na kuiacha jikoni usiku kucha. Asubuhi rojo lilikuwa limenuna vilevile nilivyoliacha. Vibibi vilitoka bapa, vigumu, bila tundu hata moja. Mama alikitazama kimoja, akakirudisha. Kesho yake nikaongeza hamira, vikawa vichungu. Siku ya tatu nilirusha mwiko ukutani.

Jirani yangu ndiye aliyesikia. Ni mama mjane, wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa wakimbizi, yeye amezaliwa na kuzeekea huku. Analima maharage na migomba, na sauti yake ndiyo inayoongoza kwaya kanisani kwao. Alipita kwenye uzio bila kubisha, akachovya kidole kwenye sufuria, akaonja.

"Yoo, mwalimu! Hii imekufa baridi. Wewe unafunika na kitambaa, kitambaa kina joto gani?"

"Kwetu hatuhangaiki hivi," nikasema, kwa kiburi.

"Ego, ndiyo. Na kwenu mgonjwa angekuwa ameshakula." Jioni ile, nilipomaliza kusaga rojo jingine, akarudi akabeba sufuria, akaondoka nayo.

Nilimfuata mpaka nyuma ya nyumba yake, kwenye shimo la kuivishia ndizi. Huku ndizi za kukamua huchimbiwa shimo, huzungushiwa majani ya mgomba, hufukizwa kwa moto mdogo, kisha hufukiwa udongo siku tatu nne mpaka ziive zote pamoja. Yeye hauzi pombe, ni mlokole, anakamua juisi tu, lakini shimo ni lilelile la mama yake. Nilipoweka kiganja juu ya udongo nilishtuka. Ulikuwa na joto la kitanda alichokiacha mtu sasa hivi. Akaitua sufuria pale juu, akaifunika majani, akaongeza blanketi kuukuu, akaniambia niende nikalale.

Alfajiri tuliikuta imeyainua majani na blanketi. Rojo lilikuwa linapumua taratibu, na lilinukia ndizi mbivu kwa mbali. Nilitaka kumkumbatia, ila mlokole na mimi, kwenye ukungu ule, majirani wangepata la kusema.

Tulipika uani kwangu, mama akiwa ameketi kwenye mkeka na blanketi mabegani. Cha kwanza kilipoanza kutoboka nikaona machozi yananilenga. Jirani, kwa mkono uliozoea chapati, akakipindua.

"Unafanya nini?" nilipiga kelele. "Umevifunga!"

"Kisichopinduliwa ni kibichi, mwalimu. Unataka mgonjwa aumwe tumbo?"

"Hakipinduliwi!"

"Msikigeuze," mama akasema kutoka mkekani. Sauti yake ilikuwa na nguvu, ileile ya zamani. "Mnakifumba macho. Funikeni, mvuke utaivisha juu."

Jirani akaweka mfuniko kwa utii wa mtoto wa shule. Vilivyofuata vilifunguka vizuri, kitundu kwa kitundu, kimoja baada ya kingine, huku ukungu ukipita kati yetu na moshi ukipotelea ndani yake, na kwa muda sikujua kama niko Kasulu au kwenye lile jamvi.

Nikamwekea mama vitano. Alinawa. Alivipekua taratibu, akachagua kilicho kizuri kupita vyote, cha duara kamili, akakiweka kwenye kisahani peke yake na kunisogezea.

"Hiki mwekee mwanangu," akasema. "Anatoka chuo cha Kurani saa hizi, ana njaa. Mimi siwezi kula hajala."

Sahani zote zile alizosogeza pembeni. Uji wote ule, ndizi zote zile, wiki baada ya wiki. Jirani alielewa kabla yangu. Alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Nilikipokea kisahani kwa mikono miwili. Nikatoka nacho hadi nyuma ya jiko, nikakila chote nimesimama, cha moto. Nikajifuta uso, nikarudi nikachuchumaa mbele yake.

"Ameshakula, mama."

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona mwenyewe. Ameshiba."

Alinitazama kitambo, akihakikisha kwamba mwalimu huyu si mwongo. Kisha akaivuta sahani, akasema bismillahi, akala.