Kibuyu cha Pili

Juzi pikipiki ilinipita imebeba mabido yaliyojaa maziwa kutoka Masisi, na harufu ile ya maziwa na moshi ikanirudisha mlimani kwa Babu, baba yake Mama.

Tulipanda huko wakati wa vakansi, shule zikiwa zimefungwa, na Papa alikuja nasi kwa mara ya kwanza. Nilidhani tumekwenda kutazama ng'ombe, na kuliona ziwa la kwetu Bweremana kutoka juu, dogo kama sahani. Sikujiuliza kwa nini Papa hakuwahi kuja kabla ya siku ile.

Babu alimpa Papa kibuyu cha maziwa, bado ya moto kutoka kwa ng'ombe. Watu wote wakamkazia macho. Papa, mtoto wa walima maharagwe, ambaye nyumbani hakugusa hata chai ya maziwa, aliyanywa yote huku jasho likimtoka.

"Babu, Papa anapenda maziwa sana!" nikapiga kelele. "Umuongeze!"

Babu alicheka, akajaza tena.

"Kunywa, mutoto yangu," akamwambia Papa.

Mama alifuta macho. Nilifikiri ni moshi.

Tulipokuwa tunashuka, Papa alitapika nyuma ya mikaratusi, Mama akimshika mgongo na kucheka kama msichana. Leo najua kwamba Babu alikuwa ameikataa ndoa yao miaka yote ile, mpaka kibuyu kile cha pili. Siku ile nilimwona tu Papa akipangusa mdomo, akaniinamia.

"Vakansi ingine, Babu akiuliza, umuambie tu vile vile: Papa anapenda maziwa sana."